Sura ya Saba: Kuku Hahesabiwi

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo Inspekta aligeuka nyuma akakuta msafara wake wote umesimama, shingo zimepinda, midomo wazi, macho juu ya mti.

"Nini tena?"

"Shhh!" Daktari wa Meno alimwinulia kiganja bila kushusha darubini. Ndivyo alivyowafanyia wagonjwa waliotaka kuongea mashine ikiwa mdomoni. "Ndege chozi. Dume. Bado mchanga huyo, rangi ya kifuani haijakolea."

"Daktari, tumekuja huku kwa sababu kuna mtu amekufa."

"Najua, Inspekta, na limeniuma sana. Tawi la pili, kulia."

Inspekta alifumba macho akaanza kuhesabu hadi kumi. Alipofika saba, goti lake la kushoto, ambalo halikuwahi kuelewana na milima, lilimkumbusha kwamba bado kuna mwendo wa nusu saa kupanda. Alipofumbua macho, Mwalimu Mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu mwenye kinasa sauti kilichoning'inia shingoni, alikuwa anaandika daftarini: chozi, dume, mmoja, saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane. Nyuma yake Shemeji naye alikuwa anaandika. Huyu alikuwa kaka wa mke wa marehemu, na kundi zima lilimwita Shemeji kwa kuwa marehemu hakuwahi kumtambulisha kwa jina jingine.

Marehemu mwenyewe walimwita Mhasibu. Alikuwa bwana mpana wa mabega aliyekuja kisiwani kutazama ndege, na juzi, katika njia hii hii, alianguka kutoka kwenye jiwe liitwalo Kitanda, akatua chini ya korongo na hakuamka tena. Jua halijatua, Sajenti alikuwa ameshamtia pingu mwongoza wageni, mwanamume wa miaka thelathini na tatu aliyejulikana kisiwani kote kama Filimbi kwa jinsi alivyoweza kuwaiga ndege. Sababu zilikuwa mbili. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Mhasibu alipiga meza ya chumba cha kulia, akasema hii ni safari yake ya tatu na bado hajamwona Mkiwa, ndege aliyevuka maji kumfuata, na kwamba kesho asipomwona ataandika barua kila mahali kuwa Filimbi ni tapeli. Sababu ya pili ilikuwa maneno ya Shemeji: ndege alipoanza kulia, Filimbi alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya Mhasibu.

Mkuu wa kituo alitosheka. Alitaka mtuhumiwa apande meli ya saa nane mchana, avushwe, asomewe shitaka la mauaji. Akishavuka, kwa jinsi kesi hizo zinavyokwenda, angekaa rumande mwaka mmoja au miwili kabla hakimu hajafungua hata jalada lake. Inspekta alikuwa ameomba asubuhi moja tu ya kurudia safari ile: watu wale wale, njia ile ile, saa ile ile. Mkuu alimpa kwa shingo upande, na tangu wafike mahali penye mtandao alikuwa amepiga simu mara mbili kumkumbusha saa.

"Tutembee!" alisema Inspekta. "Leo hakuna ndege. Leo ni watu tu. Anayetaka kuona ndege aniombe kibali kwa maandishi."

Mbele kabisa, Bi Mkubwa alikuwa ameshaanza kupanda. Alikuwa mkuu wa askari wa msitu, mwanamke wa miaka hamsini na nane mwenye sare ya kijani iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na alipanda kile kilima cha kokoto nyeusi za volkano kama mtu anayekwenda dukani. Alikuwa pia mama mzazi wa Filimbi. Kisheria mama wa mtuhumiwa hakupaswa kuwapo. Lakini kisheria pia hakuna aliyeruhusiwa kuingia kule bila mtu wa msitu, na waliokuwa wanaijua njia ya Kitanda walikuwa wawili: mama, na mwanawe mwenye pingu. Inspekta alikuwa ameichagua sheria ya kuvunja, akaomba Mkuu wa kituo asiulize.

Tangu getini mama na mwana hawakuwa wamesemezana. Mama alikuwa amesema neno moja tu kwa Inspekta, pale walipotia sahihi daftari la kuingia.

"Mwanangu simjui kwa kusukuma watu."

"Mama, kila niliyemkamata ana mama aliyeniambia hivyo."

"Basi mimi ndiye wa kukuambia na ukakuta ni kweli," alijibu Bi Mkubwa, akachukua panga lake akatangulia.

Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imeipita juu juu, miti ya pande zote mbili imeota ndevu za kijani zinazodondosha maji shingoni. Kila hatua mbili za kupanda, kokoto zilimrudisha mtu moja. Sajenti, aliyebakiza miezi minne kustaafu, alikuwa nyuma na mtuhumiwa, na ilikuwa vigumu kujua nani anamshika nani. Mara tatu Inspekta alimsikia Filimbi akimwambia, "Kanyaga hapa, afande. Hapo pameoza."

Walifika Kitanda saa moja na nusu. Lilikuwa jiwe la lava, jeusi, bapa, la kutosha kulaza watu wanne, na mbele yake hapakuwa na kamba wala ukingo. Palikuwa na korongo tu, na ukungu uliokuwa unapanda kutoka chini. Upande wa kushoto wa jiwe, vichaka vizito viliteremka na ukingo wa korongo mpaka macho yakapotea.

"Kila mtu asimame alipokuwa juzi," aliamuru Inspekta. "Sajenti, wewe utakuwa Mhasibu. Mna upana mmoja."

"Mbele kabisa, afande?"

"Mbele kabisa. Lakini usiniletee kesi nyingine."

Daktari wa Meno alichukua pembe ya kushoto. Mwalimu alipiga magoti kando yake. Shemeji alisimama hatua tatu kulia kwao, akasema, "Mimi nilikuwa hapa." Kisha akamwonyesha Filimbi mahali pa kusimama, hatua moja nyuma ya mgongo mpana wa Sajenti. Filimbi alisimama bila ubishi, macho chini, pingu mbele ya tumbo.

Inspekta alitoa faili lake. Maelezo ya mashahidi yalikuwa kurasa kumi na nne, na yalimtia hasira kila alipoyafungua. Watu hawa waliweza kutofautisha vijidege viwili vya kijivu vilivyo mita mia mbali, lakini hakuna aliyeweza kumwambia marehemu alivaa shati la rangi gani.

"Tuanze na wewe, Daktari. Saa moja na dakika arobaini na mbili."

"Mkiwa alilia," Daktari alisema, na sauti yake ikalainika. "Kushoto, chini, kama mita ishirini. Milio mitatu, akapumzika. Tena mitatu, akapumzika. Tena mitatu. Sikuamini masikio yangu."

"Mhasibu alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Marehemu!"

"Aah. Kulia kwangu, nadhani. Au nyuma. Mtu hawezi kutazama watu Mkiwa akilia, Inspekta."

"Ukageuka lini?"

"Niliposikia ukelele. Nikaudhika sana, nikajua atamkimbiza ndege." Alishusha darubini. "Baadaye ndipo nikaelewa, nikaona aibu."

Kumhoji mtu huyu ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Inspekta alimwacha akamgeukia Shemeji, mtu mwembamba aliyekuwa anafuta darubini yake kwa kitambaa, anaifuta, anaitazama, anaifuta tena.

"Wewe ndiye pekee uliyeona watu."

"Kwa bahati tu. Mkiwa alipolia niligeuza kichwa, nikamwona Filimbi nyuma ya shemeji yangu. Karibu sana. Sijui walichokuwa wanafanya. Nikageuka kumtafuta ndege. Kisha nikasikia ukelele."

"Ulimwona wakati ndege analia. Una hakika?"

"Kabisa. Mlio wa kwanza."

"Wewe unasemaje?" Inspekta alimwendea Filimbi.

"Nilikuwa nyuma yao. Sikumgusa."

"Hayo umeniambia mara kumi na moja. Nimeyahesabu, nimeshaanza kuwa kama hawa. Nyuma wapi?"

"Nyuma tu."

"Hapo ulipo sasa?"

Filimbi alitazama kokoto. "Nyuma yao, afande. Haki ya Mungu sikumgusa. Ukweli utajitokeza wenyewe."

"Ukweli haujitokezi!" Sauti ya Inspekta ilipanda mpaka kitu kikaruka kichakani na darubini tatu zikainuka kwa pamoja. "Shusheni hizo! Ukweli, bwana, unatafutwa na watu wenye magoti mabovu, na meli inaondoka saa nane. Mimi nakutafutia mlango wa kutokea na wewe unanifungia kwa ndani. Haya, niambie jepesi. Mkiwa alilia upande gani?"

"Sikumbuki," alisema Filimbi.

Bi Mkubwa, aliyekuwa ameegemea mti kwa mbali, aligeuza kichwa.

Inspekta aliliona hilo. Hakujua kitu kuhusu ndege, lakini watu waliokuwa wanaficha alikuwa amewazoea kwa miaka ishirini na mbili. Daktari alikumbuka upande, umbali na idadi ya milio. Mwongoza wageni, ambaye kazi yake yote ni kusema "pale, kushoto, chini", hakukumbuka chochote kuhusu ndege adimu kuliko wote msituni.

"Kama inasaidia," alisema Mwalimu Mstaafu kutoka pale alipopiga magoti, "unaweza kumsikiliza mwenyewe."

"Nani?"

"Mkiwa. Nilimnasa juzi." Aligonga kinasa sauti kifuani. "Nilikiwasha tulipofika na nikakizima baada ya ukelele."

Inspekta alifunga faili kwa kishindo. "Mama. Siku mbili. Siku mbili unazo sauti za mtu anayekufa na hukusema?"

"Sajenti aliniuliza niliona nini, nami nikamjibu nilichoona. Angeniuliza nilinasa nini, ningemwambia nilichonasa." Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mbili na bado hakuona sababu ya kumpa maksi mwanafunzi kwa swali ambalo hakuuliza. "Halafu haijawa safi. Kuna kelele za watu. Nilikusudia kuzifuta kwanza."

"Usifute chochote! Washa!"

Walisogea wote, hata Bi Mkubwa. Kwanza ulisikika upepo na kikohozi cha mtu, kisha Mkiwa: milio mitatu mirefu inayoshuka, ya kutia baridi hata kwa asiyejua ndege. Daktari alifumba macho. Kimya kidogo. Kwa mbali sana, nyuma ya kimya hicho, kuna kitu kiliita. Milio mitatu tena. Kimya. Kile kitu tena, pale pale. Milio mitatu ya mwisho ilipokuwa inasikika, mtu alinong'ona, karibu na kinasa sauti kuliko ndege: "Sogea. Sogea kidogo bwana." Kokoto zikachakarika. Ukelele. Mwalimu alizima.

"Umesikia kitu gani hapo katikati?" Inspekta alimuuliza.

"Mkiwa, milio tisa."

"Katikati ya milio, mama. Rudisha."

Alirudisha. Inspekta alisogeza sikio hadi likagusa kile kidude. Katika ndege wote wa dunia hii alikuwa anamjua mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa anaita.

"Huyo ni jogoo," alisema.

"Eeh, ni jogoo," alikubali Daktari.

"Mlimsikia juzi?"

"Nilimsikia," alisema Mwalimu.

"Hata mimi," alisema Daktari.

Inspekta aliyachukua madaftari yao, akafungua ukurasa wa juzi. Chozi watatu. Tetere wawili. Mkiwa mmoja, kwa wino wa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikaingia ndani. "Mbona hamkumwandika?"

Walimtazama kwa mshangao wa kweli, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakajibu kwa pamoja kama darasa.

"Kuku hahesabiwi."

"Ni wa kufugwa," Daktari alifafanua kwa upole. "Orodha ni ya ndege wa porini tu. Kuku, bata wa nyumbani, njiwa wa kufuga, hao unawasikia lakini huwaandiki."

Inspekta alihisi goti, kichwa na uvumilivu vikimwisha kwa mpigo mmoja. Walisikia jogoo akiwika katikati ya msitu, juu ya mlima, wote wakanyamaza kwa sababu kanuni za mchezo wao hazimruhusu. "Mama," alimwita Bi Mkubwa, "nyumba ya karibu iko wapi?"

Bi Mkubwa alikuwa ameng'ang'ania ukanda wa panga.

"Mama?"

"Saa tatu kwa miguu," alisema. "Na kuku haruhusiwi kupita getini. Rudisha tena, Mwalimu. Nimsikie mwisho wake."

Mwalimu alirudisha. Jogoo aliwika, na pale sauti ilipotakiwa kupanda ilikatika, ikamalizia kwa kukwaruza, kama mtu aliyepaliwa na maji.

"Nguchiro alimshika shingo akiwa kifaranga," alisema Bi Mkubwa taratibu. "Akapona, lakini hakuwahi kumaliza kuwika vizuri. Majirani walikuwa wanamcheka. Huyu ni jogoo wangu, Inspekta. Nilimchinja mwaka jana."

Sajenti, aliyekuwa bado amesimama mahali pa marehemu, alirudi nyuma hatua mbili.

"Mwaka ule mlima ulipotoa majivu," Bi Mkubwa aliendelea, "ndege walishuka mpaka majumbani. Mkiwa alikaa juu ya tangi langu la maji siku mbili analia. Mwanangu alikuja na simu, akamrekodi. Nilijua. Nilimwona." Alimgeukia mwanawe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu asubuhi. "Ulikuwa wapi juzi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza ulikuwa wapi."

Inspekta alijua kilichokuwa kinaulizwa, kwa sababu tangazo lilibandikwa getini na sahihi ya Bi Mkubwa chini yake: msimu wa viota, ni marufuku kupiga sauti za ndege kwa spika, na mwongoza wageni atakayekamatwa atanyang'anywa kibali moja kwa moja. Dume la Mkiwa likisikia sauti ya dume mwenzake huacha kiota likatafute ugomvi, na mayai yanapoa. Miaka mitatu nyuma Bi Mkubwa alihesabu viota ishirini na kimoja mlimani. Mwaka huu alihesabu saba. Aliipigania marufuku hiyo mpaka wakubwa wakamchoka, na mtu wa kwanza kutia sahihi kuikubali alikuwa Filimbi.

"Nilikuwa kule chini," Filimbi alisema, akaonyesha vichaka vya kushoto kwa mikono yote miwili, maana pingu hazikumruhusu mmoja. "Walipotulia na darubini nikapita pembeni, nikashuka. Yule bwana alikuwa ameniapia. Kazi yenyewe ndiyo hii, sina nyingine. Nikasema mara moja tu. Niliposikia ukelele nikaificha spika kwenye tundu la jiwe nikapanda mbio."

Sajenti alishuka kwa kushikilia mizizi, akipumua kama anayesukuma gari. Baada ya dakika kumi alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na spika ndogo ya duara, ya kutosha kiganjani.

"Mita kumi na nane, afande. Kule kuna alama za viatu vyake mpaka kwenye tundu. Inawashwa kwa kitufe tu, haiungani na simu; anayebonyeza hii hawezi kuwa hapa juu."

Sasa Inspekta alimgeukia Shemeji. Hakuharakisha. Alisubiri mpaka kitambaa kikaacha kufuta darubini.

"Ulisema ulimwona Filimbi nyuma ya shemeji yako katika mlio wa kwanza. Una hakika kabisa, ulisema."

"Nilidhani..."

"Mlio wa kwanza ulitoka mkononi mwake, kule chini. Kwa hiyo hukumwona. Daktari na Mwalimu walikuwa pembeni huku. Filimbi alikuwa kichakani. Nihesabie wewe, si ndiyo kazi yenu kuhesabu? Nyuma ya Mhasibu anabaki nani?"

Shemeji alilitazama lile jiwe.

"Na 'sogea kidogo bwana' ni sauti ya nani? Nimwite dada yako aje asikilize?"

"Hapana," alisema haraka. "Usimwite." Akakaa juu ya kokoto. "Nilikuwa simwoni ndege. Yeye alikuwa amesimama pale katikati, ameziba kila kitu, kila safari anaziba. Nilimwambia asogee. Hakusikia, au alijitia hamnazo. Nikamsogeza kwa bega. Nilitaka nafasi ya jicho moja tu. Sikutaka aanguke, Inspekta. Mume wa dada yangu yule, watoto wake wananiita mjomba."

"Na ulipoona ameanguka, ukatafuta mtu wa kumpa."

"Nilipogeuka Filimbi ndiye aliyekuwa nyuma. Ametokea tu. Nikasema alikuwa pale. Nilifikiri atakanusha kuwa alikuwa pale. Kila siku nilingoja akanushe." Alinyanyua uso. "Kwa nini hakukanusha?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na lilimuudhi Inspekta zaidi ya yote yaliyotangulia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii iliwezekana kwa sababu waongo wawili walikutana, kila mmoja akamshikilia mwenzake asianguke.

Shemeji alikuwa amefungua daftari lake magotini. Alilitazama, kisha akaitazama ile spika mkononi mwa Sajenti. "Ina maana hakuwapo," alisema kwa sauti ndogo. "Hapakuwa na ndege."

"Hapakuwa na ndege," alisema Inspekta. "Simama. Sajenti, hamisha pingu."

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Mkuu, bila shaka, na saa yake. Aliiacha itetemeke. Filimbi alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, na Inspekta alitaka kumwambia jambo zuri lakini akaona hana. Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya mzizi, ametoa kijitabu cha makosa ya msitu na kalamu.

"Mama, hilo linaweza kungoja," alisema Inspekta. "Amekaa ndani siku mbili."

"Wewe umemaliza kazi yako, mwanangu, na nakushukuru. Niache na yangu." Aliandika kosa. Aliandika mahali. Kisha kalamu ikasimama. "Saa ngapi?"

"Moja na arobaini na mbili," alijibu Filimbi.

Aliandika. Alimnyooshea kijitabu, naye akatia sahihi akiwa amesimama. Kisha mama akanyoosha mkono tena, kiganja juu, na Filimbi akavua kibali chake shingoni, kile cha plastiki chenye picha ya alipokuwa na miaka ishirini na moja, akakiweka pale. Mama alikifunga ndani ya ngumi.

"Siku mbili," alisema, na sasa sauti ilimvunjika na hakujali nani anaisikia. "Siku mbili nimepiga magoti sakafuni nikimwambia Mungu mwanangu hakuua. Na wewe ulikuwa na neno moja tu la kusema. Uliona afadhali nikulilie gerezani kuliko nikugombeze?"

Filimbi alifikiri, maana hilo nalo lilikuwa swali la haki.

"Ndiyo, mama," alisema.